Koleo la Dijkgraaf

Kuna nchi moja ambayo, kwa mujibu wa sheria, jina lake halitajwi na mtu aliyekaa. Msimulizi wa habari hizi amekaa, tena magoti yake hayana mpango wa kusimama leo, kwa hiyo nchi hiyo itabaki bila jina. Wanaoijua watanyamaza kama walivyozoea.

Rais wa nchi hiyo, anayeitwa kwa heshima Baba wa Mabonde, alikwenda Uholanzi kung'oa jino. Gazeti la serikali liliandika kwamba amekwenda kujifunza mambo ya maji. Wenyeji wake, watu wa kuamini wanachoambiwa, wakamwalika chakula na wataalamu wa maji, wakamkalisha karibu na bwana mmoja mrefu aliyeitwa Hendrik. Bwana Hendrik alikuwa amevaa mkufu wa fedha ulioshuka mpaka kitovuni. Baba wa Mabonde, kwa sababu ya lile jino, hakula kitu. Alikaa akiutazama mkufu.

"Wewe una cheo gani?" akauliza kupitia mkalimani.

"Mimi ni dijkgraaf."

"Na hicho cheo kina miaka mingapi?"

"Zaidi ya mia saba. Kilikuwapo kabla ya huu ufalme wetu."

Rais alirudi nyumbani akiwa na pengo kinywani na hilo neno kichwani. Alilitamka uwanja wa ndege mbele ya bendi na watoto wa shule, na kwa kuwa sehemu ya mwisho hutokea kooni, daktari wake alimkimbilia na maji. Kesho yake wizara ilitoa waraka wa kurasa tisa unaowaelekeza watumishi namna ya kulitamka bila kumtemea mate mkubwa wa kazi. Na kabla wiki haijaisha ikatangazwa kwamba wilaya ya Bonde la Chini haitakuwa tena na mkuu wa wilaya, bali itakuwa na Dijkgraaf. Aliyeteuliwa alikuwa Mheshimiwa Deodatus Kalumbete, ambaye alikuwa mkuu wa wilaya hiyo kwa miaka kumi na minne na alikwisha kuchoshwa na cheo ambacho watu wengine nao walikuwa nacho.

*

Sasa likabaki jambo dogo, nalo ni kujua dijkgraaf maana yake nini.

Wizara iliitisha semina elekezi ya siku tano katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Siku ya kwanza profesa mmoja alithibitisha kuwa maana yake ni Shujaa wa Ardhi. Siku ya pili profesa mwingine akathibitisha kuwa ni Mpendwa wa Mito. Siku ya tatu walithibitisha wote wawili kwa pamoja, wakaogelea. Siku ya nne ndipo mpishi, alipokuwa akikusanya vikombe, alipouliza kama wizara nzima haina mtu anayejua Kiholanzi.

Alikuwapo mmoja. Aliitwa Mwantumu Mbaruku, karani wa masjala, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyekuwa akikaa kwenye chumba cha mafaili kisicho na dirisha. Utotoni mwake, mhandisi Mholanzi aliyekuja kujenga tuta la mto alipanga nyumbani kwao miaka sita, na alipoondoka aliacha kamusi, vitabu kadhaa na mtoto wa kike anayeweza kuvisoma. Wakamwita Mwantumu hotelini, wakamsimamisha karibu na birika la chai.

"Dijk ni tuta la kuzuia maji ya mto," akasema. "Graaf alikuwa mtu wa mfalme, aliyetawala eneo fulani kwa niaba yake. Ukiviweka pamoja, ni mkuu wa tuta. Kazi yake ni kuhakikisha tuta halibomoki, na kwamba kila mwenye shamba kandokando yake anatengeneza kipande chake."

Mheshimiwa Kalumbete aliweka kijiko chini.

"Tuta? Kama la viazi?"

"Kubwa zaidi, Mheshimiwa."

"Na huyo mkuu wa tuta anashika koleo?"

"Hapana, Mheshimiwa. Anawakagua walioshika koleo."

"Hapo afadhali," akasema Kalumbete, akakirudia kijiko.

Profesa wa kwanza akatoa hoja kwamba neno hili lisitafsiriwe hata kidogo. Likitafsiriwa, alisema, wananchi wataelewa, na wakielewa watataka kujua hilo tuta liko wapi. Hoja ikapita kwa makofi. Mwantumu hakuambiwa akae wala hakupewa chai, akarudi masjala kwa miguu.

*

Hilo tuta liko wapi? Mwantumu alikuwa na swali hilo kifuani kwa miaka tisa, na jibu alikuwa nalo pia.

Baba yake, Mzee Mbaruku, alikuwa mtunza tuta. Kila siku alitembea juu yake kutoka Kona ya Mkuyu hadi darajani, akiziba mashimo ya panya na kupanda majani. Mwaka mmoja aliona mawe yakipungua usiku kwa usiku. Akaandika barua kwa mkuu wa wilaya. Hakujibiwa, akaandika nyingine. Aliandika kumi na moja. Mawe yale yalikuwa yakipakiwa kwenye lori na kulundikwa, yangoje msingi wa nyumba ambayo mkuu wa wilaya alipanga kujenga, na sijui nani anafikiri mtu wa namna hiyo angejibu barua.

Masika mto ukapita pale palipokosa mawe. Ukachukua mpunga wa bonde zima, mbuzi, na watu saba. Serikali haikuweza kulala bila kumpata mkosaji, na mkosaji akapatikana upesi: Mzee Mbaruku, kwa kuwa alionekana kujua mapema mno. Alishtakiwa kwa kuyachochea maji dhidi ya serikali. Barua zake kumi na moja zilisomwa kwa mara ya kwanza siku ile mahakamani, kama ushahidi kwamba alikuwa na mawasiliano na mto. Akafungwa miaka mitatu. Mwezi wa saba alirudishwa nyumbani amekufa, juu ya lori la saruji, na dereva akamtaka mjane asaini kwamba amepokea.

Majaruba yao manne yalichukuliwa kwa usalama wa taifa. Usalama huo ulikaa mwaka mmoja, kisha ukampa hati Mheshimiwa Kalumbete. Akavunja nyumba ya Mbaruku na mahali pale pale akajenga ya kwake ya ghorofa mbili juu ya mawe yale yale ya tuta, yenye simba wawili wa saruji getini. Mwantumu na mama yake, Bi Havijawa, wakahamia chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa, na kutoka pale mlangoni paa la Kalumbete lilikuwa likionekana vizuri kabisa.

Msimulizi hatazunguka. Mwantumu alimchukia Kalumbete kwa moyo wake wote, akilala na akiamka. Alitaka vitu viwili duniani: shamba la baba yake lirudi, na Kalumbete atoke pale kwa miguu. Wizarani hakuna aliyejua kuwa karani wa masjala ni binti wa yule mchochezi wa maji, kwa sababu habari hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye faili, na mafaili kazi yake ni kufungwa.

*

Ndipo Bwana Hendrik alipotuma zawadi: nakala ya kitabu cha sheria za kale za matuta. Baba wa Mabonde alikipokea kwa mikono miwili, akasema mbele ya kamera kwamba kitabu chote, kila nukta, kitakuwa sheria ya Bonde la Chini, na atakayegusa nukta moja amemgusa yeye. Kazi ya kutafsiri akapewa Mwantumu.

Alitafsiri wiki tatu. Kifungu cha kwanza kilihusu mkufu. Cha arobaini na moja kilisema hivi: mwenye ardhi ambaye kipande chake cha tuta kimebomoka naye hakukitengeneza, kisha akachomeka koleo katika tuta hilo mbele ya watu na kuliacha, huyo amejivua ardhi yake, nyumba yake na vyote vilivyomo, na ataondoka na nguo alizovaa. Atakayeling'oa koleo hilo atachukua mali hiyo yote, na kazi ya kuliziba tuta itakuwa yake.

Huko kwa Waholanzi wa zamani lilikuwa jambo la huzuni. Mtu aliyeshindwa na maji alikuwa akichomeka koleo lake na kuondoka analia. Mwantumu alikisoma kifungu mara ya kwanza, akageuza ukurasa. Halafu akaurudia. Halafu akafunga mlango wa masjala na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukoma upesi.

Maana katika nchi ile hakuna kiongozi anayefanya kazi yoyote isipokuwa kuchomeka koleo. Hospitali ikitakiwa, anakuja na msafara, anachomeka koleo chini, anapigwa picha, anakwenda kula. Daraja, vilevile. Shule, vilevile. Kalumbete peke yake alikwisha kuchomeka koleo mara sitini na mbili, na wilaya yake ilikuwa na mashimo sitini na mawili ambayo watoto walikuwa wakiyahesabu wakienda kuchota maji.

Mwantumu akatafsiri kifungu cha arobaini na moja. Hakuongeza neno wala hakupunguza, jambo ambalo wizarani halikuwahi kutokea. Rasimu ikapita ofisi saba, na kila ofisi ikagonga muhuri uliosema "Nimesoma na kuridhika." Mwantumu hakupata usingizi siku zote hizo. Angetokea afisa mmoja tu mwenye tabia ya kusoma, mambo yangeharibika. Alikuwa na wasiwasi wa bure. Rasimu ilifika kwa Rais, akaangalia picha ya mkufu, akatia saini.

*

Kabla ya sherehe ya kumvika Dijkgraaf mkufu na kuzindua ukarabati wa tuta, Kalumbete alimwita Mwantumu aandike ratiba.

"Uzinduzi ufanyike wapi, Mheshimiwa?"

"Mbele ya geti langu. Wageni waone Dijkgraaf anavyoishi."

"Pale tuta lina pengo, Mheshimiwa. Hatua ishirini."

"Wekeni kitambaa."

Wakaweka kitambaa. Kilikuwa kirefu, kimechorwa tuta la kijani na ng'ombe wawili, na upepo ulipovuma ng'ombe walitikisika. Baba wa Mabonde alifika na Jaji Mkuu na mawaziri. Bwana Hendrik naye alifika kutoka kwao, akakitazama kitambaa kwa muda mrefu. Wanawake wa bonde waliletwa kupiga vigelegele, na Bi Havijawa alikuwa miongoni mwao, kwa kuwa mtendaji wa kata alihitaji wanawake hamsini na hakuangalia ni wa nani.

Ofisa wa itifaki, Bwana Shedafa, alimpa Kalumbete mabuti ya mpira ili asichafuke, akamsainisha kwenye daftari la stoo. Kalumbete akaacha viatu vyake vya ngozi ya mamba ndani ya mlango wa nyumba yake, akatoka, akavikwa mkufu, akahutubia.

"Mimi," alisema, "Dijkgraaf wa kwanza wa bara hili, nimesimama mahali ambapo maji yameamriwa kusimama. Mto huu unanijua. Ukinisikia nakohoa unapunguza mwendo. Waliotangulia walitutawala kwa vyeo vyepesi, vyeo ambavyo hata mtoto angeweza kuvitamka. Sasa tumevuka. Nawaagiza wataalamu, waelekezi na waratibu waelekeze uratibu wa utaalamu, na tuta hili lijengwe kuanzia sasa hivi, mara baada ya chakula."

Akapokea koleo lililopakwa rangi ya dhahabu. Akalisukuma kwenye ukingo wa pengo. Likagonga jiwe, mojawapo ya machache aliyoyasahau. Akasukuma tena kwa mguu, likaingia, likasimama wima. Kamera zikawaka. Akageuka, akaondoka kuelekea kwenye hema la pilau, na msafara mzima nyuma yake.

Mwantumu alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale. Alijua itifaki: baada ya kila uzinduzi Shedafa hulichukua koleo, akaliosha na kulitunza kwa uzinduzi unaofuata. Akaenda haraka, akalishika mpini. Shedafa naye alikuwa keshafika.

"Dada, liache hilo. La serikali."

"Nakusaidia tu. Pilau inakwisha, kaka. Nyama nimeona wanajipakulia wenyewe."

Shedafa alitazama koleo, akatazama hema. Alikuwa mtumishi mwaminifu wa miaka mingi na hakuwa amekula tangu asubuhi. Akaenda.

Mwantumu akaling'oa. Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya ratiba.

*

Aliingia nalo hemani likiwa na udongo, akaenda moja kwa moja kwa Jaji Mkuu aliyekuwa na mfupa mkononi. Akamsomea kifungu cha arobaini na moja. Jaji akauweka mfupa chini. Akaomba asomewe tena, kwa kuwa muhuri wa ofisi yake nao ulikuwa pale chini, "Nimesoma na kuridhika."

"Kipande hiki cha tuta ni cha nani?" akauliza.

"Cha Mheshimiwa Kalumbete. Hati hii hapa, kutoka masjala."

"Kimebomoka?"

Upepo ukavuma wakati ule, kitambaa kikaanguka na ng'ombe wake.

Kalumbete alicheka kwanza. Halafu akaona kwamba anacheka peke yake. Bwana Hendrik aliuliza kunatokea nini, na Mwantumu akamweleza kwa Kiholanzi cha utotoni mwake. Bwana Hendrik akasimama, akafuta macho. Alisema kwao jambo hili limebaki vitabuni, kwamba hakutegemea kuliona kwa macho yake, na kwamba anamheshimu sana Rais anayewatia wakubwa wake chini ya sheria ile ile. Mwantumu akamtafsiria Rais, na hapo pia hakuongeza neno.

Baba wa Mabonde alitafuna polepole. Kukifuta kifungu hicho ilikuwa rahisi. Ilibidi tu aseme, mbele ya mgeni na kamera, kwamba alitia saini kitu ambacho hakukisoma.

"Kifungu hicho nilikisoma mwenyewe," akasema. "Katika vyote ndicho kilichonigusa."

"Mheshimiwa Rais, mimi nimekutumikia miaka kumi na—"

"Sheria ni sheria, bwana Kalumbete."

Wote hemani walilisikia hilo "bwana." Waziri aliyekuwa amekaa karibu na Kalumbete akasogeza kiti, na mhudumu akaondoa sahani ya Kalumbete kabla hajamaliza. Mkufu alivuliwa na mtu yule yule aliyemvika.

*

Walimleta getini askari wawili ambao asubuhi walikuwa wakimpigia saluti. Shedafa alikuwa keshatangulia na daftari la stoo.

"Mabuti, mzee. Namba mia mbili na kumi. Naomba nirudishiwe."

Kalumbete akayavua. Akasimama kwenye kokoto kwa soksi.

"Binti," akamwambia Mwantumu, "viatu vyangu viko hapo mlangoni tu. Nipe niende zangu."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Wewe si karani? Wewe ndiye uliyetuletea maana."

"Mimi ni binti wa Mbaruku."

Kalumbete alifikiri kwa dhati kabisa, paji la uso limekunjamana.

"Mbaruku yupi?" akauliza.

Miaka tisa Mwantumu alijiandaa kwa kila jibu. Alijiandaa kwa matusi, kwa uongo, hata kwa machozi. Hili hakuliwaza. Bi Havijawa aliketi chini palepale juu ya tuta. Kumbe huyu mtu alimuua baba yake na wala hakumweka kichwani. Hasira ikampanda mpaka ikamtuliza.

"Unataka viatu?"

"Ndiyo, mama. Tafadhali."

"Basi sema. Mbaruku, mtunza tuta, aliniandikia barua kumi na moja."

"Mabruki, mtunza tuta—"

"Mbaruku. Anza upya."

Akaanza upya. Wanawake walikuwa wamesogea, na hakuna aliyepiga kigelegele.

"Sema sikuzisoma."

"Sikuzisoma."

"Sema niling'oa mawe ya tuta nikajengea nyumba yangu, mto ukaua watu saba, nikamfunga yeye."

Alisema hilo kwa kusitasita, na mara mbili alitaka kusema "mawe yaling'olewa," na mara zote mbili Mwantumu akamrudisha mwanzo. Mara ya tatu alisema yote, jina kwa ufasaha.

"Haya," akasema. "Viatu."

Kuna wasimulizi ambao hapa wangempa viatu vyake, ili wewe msomaji ulale vizuri. Mwantumu aliingia mlangoni, akavichukua, akatoka, akavivaa yeye. Vilikuwa vikubwa, akasokomeza majani ya mpunga ndani yake, mbele ya vidole.

"Hivi ni vya matope ya kesho," akasema. "Nina hatua ishirini za kuziba kabla ya masika, na nitaanza kwa kuutoa msingi wa nyumba hii."

Kalumbete akaanza kutembea. Barabara ya lami ilikuwa mbali, na njia yote ni kokoto. Jua lilikuwa la saa tisa. Soksi zilichanika kabla hajafika Kona ya Mkuyu. Mwantumu alisimama getini akimtazama anavyochechemea, mguu baada ya mguu, wala hakuona haya kufurahi.

"Yatosha, mwanangu," akasema Bi Havijawa, akijiinua. "Twende ndani."

"Tangulia, mama," Mwantumu akajibu. "Bado anaonekana."